Jina Nililomwambia Aandike

Kila kitambaa kinachofika kibarazani kwetu hubandikwa kikaratasi kwa pini. Juu yake tunaandika jina la mwenye nguo, vipimo vyake, na siku atakayokuja kuchukua. Mafundi wengine hutumia daftari, lakini daftari moja kwa cherehani nne huleta ugomvi, na kitambaa kisicho na kikaratasi kikilala siku mbili tu kinakuwa hakina mwenyewe. Nguo ikishakamilika na kupigwa pasi, kikaratasi kinatolewa. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho kabla ya kukunja.

Kibaraza kipo mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, hatua chache kutoka soko kuu la Songea. Nimekaa hapo miaka kumi na minne. Cherehani nilijifunza baada ya kuacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao mama alifariki. Baba yangu alikuwa ametangulia zamani. Nilibaki na wadogo zangu wawili: wa kiume, ambaye leo anaendesha lori la makaa ya mawe na tunamwona mara moja kwa mwezi, na wa mwisho, msichana, aliyekuwa na miaka mitano mama alipozikwa. Huyo wa mwisho nimemlea mimi. Nimemnyoa nywele, nimemtafutia madaftari, nimekaa naye siku ya matokeo ya kidato cha nne tukisoma namba yake kwenye simu ya jirani.

Yeye baba yake ni mwingine. Alikuwa Mhindi. Aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya, akisema anakwenda Tanga kwa ndugu zake, na hakurudi. Kama alikufa au aliamua kutorudi, hatukuwahi kujua. Mdogo wangu ana ngozi ya maji ya kunde iliyokolea njano, pua nyembamba, na nywele zinazolala zenyewe. Mtu akituona tumekaa pamoja huuliza kama ni mteja wangu.

Alipomaliza shule hakupata nafasi ya kuendelea, akaja kibarazani. Mkono wake wa kukata ni mzuri kuliko wangu, na mwandiko wake hauna mfano. Kwa hiyo ndani ya wiki moja kazi ya vikaratasi ikawa yake. Mimi nikipima, namtajia, yeye anaandika. Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na sita. Alhamisi. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na tulikuwa tumeshaanza kuulizia fremu ya kupanga, chumba chenye mlango wetu wenyewe, yeye awe mkataji na mimi mshonaji.

Sasa lazima nieleze kuhusu majina.

Kibaraza cha mafundi ni mahali pa kuvumilia watu. Anakuja mtu Jumatano na kitenge anakitaka Ijumaa. Anakuja mwingine hasalimii, anatupa kitambaa juu ya mashine wakati sindano inakwenda, anasema, "Hii kesho." Anakuja wa tatu anauliza kama unajua yeye ni mke wa nani. Mbele yake tunasema ndiyo mama, ndiyo bosi. Akishageuka tunampa jina. Mwanaume wa namna hiyo tulimwita Kaburu. Mwanamke tulimwita Gabacholi.

Neno hilo alikuja nalo fundi mwenzangu, mwanaume wa Kihehe aliyewahi kushona Dar es Salaam kabla ya kurudi nyanda za juu na hatimaye kuoa huku kwetu. Kule, alisema, ndivyo vijana walivyowaita Wahindi wenye maduka, hasa wale wanaowafokea wafanyakazi. Alilitamka kwa namna ya kuchekesha, akikunja midomo, na sisi tukalichukua. Baada ya muda likapoteza Uhindi wake, au mimi nilidhani hivyo. Mngoni mwenye dharau alikuwa Gabacholi. Mmatengo mwenye dharau alikuwa Gabacholi. Mke wa ofisa kutoka kanda ya ziwa, mweusi kuliko mimi, alikuwa Gabacholi mkuu. Tulipoanza kuwa na wateja wengi wenye majina yanayofanana, tukaona ni rahisi kuandika hilo hilo kwenye kikaratasi. Namtajia mdogo wangu: "Gabacholi wa kijani, mikono mifupi, Jumamosi." Anaandika.

Nakumbuka hakuwahi kusita. Nimejaribu kukumbuka siku moja ambayo kalamu yake ilisimama, na siipati.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya sherehe fulani ya kumuaga binti, mke huyo wa ofisa alileta kitambaa cha gauni. Walikuwa wanawake kumi na wawili wa sare moja, rangi ya zambarau, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alinirudisha mara mbili kwenye vipimo. Alitaka kifua kibane lakini kisibane. Alitaka gauni lake litangulie ya wenzake wote. Siku ya mwisho umeme ulikatika tangu asubuhi, nikapiga pasi ya mkaa kwa haraka, jivu likinitishia kila nilipoinua, na dereva wake amesimama ananingoja. Nikakunja, nikatia kwenye mfuko, nikashukuru Mungu.

Kikaratasi sikukitoa. Kilikuwa ndani ya bitana, usawa wa kiuno.

Alirudi Jumatatu, saa nne hivi, kibaraza kikiwa kimejaa. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaweka kikaratasi juu ya meza ya kukatia, akakilaza kwa kidole ili kila mtu akisome. Akatueleza kwa sauti ya kawaida jinsi pini ilivyomchoma alipokuwa anavaa nyumbani kwa bibi harusi, jinsi mwenzake alivyomsaidia kuitoa, na jinsi huyo mwenzake alivyosoma kwa sauti mbele ya wanawake wote wa kamati kabla ya kuelewa anachosoma. Akauliza nani ameandika.

Mdogo wangu alisema, "Mimi, mama. Shikamoo."

Yule mama hakuitikia shikamoo. Alimtazama kuanzia nywele mpaka miguuni, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa kama kina kasoro. Kisha akasema:

"Wewe? Wewe ndiye unaniita mimi gabacholi? Mwenye jina si wewe? Mtoto wa Kihindi unampa mtu mweusi jina lako?"

Watu wakacheka. Fundi mwenzangu alicheka. Kijana wa vipuri vya baiskeli alicheka mpaka akashika nguzo. Na nitaandika hili kwa sababu nisipoliandika maneno mengine yote hayana maana: mdomo wangu nao ulianza kuvutika. Ulivutika wenyewe, kwa mazoea ya miaka ya kucheka neno lile mahali pale. Mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi, si yule mama. Aliona.

Nikasema, kwa kuchelewa, kwamba jina nilitaja mimi, kwamba yeye aliandika tu kama anavyoandika vipimo. Yule mama akasema basi ndiyo malezi hayo. Akadai hela ya ushonaji irudishwe, nikaahidi, akaondoka. Mdogo wangu akafunika mashine yake kwa kile kitambaa chake cha maua, akafunga pembe zote nne kama anavyofanya jioni, akasema, "Dada, mimi naenda." Nilidhani anakwenda nyumbani, Matogoro, na kwamba nitamkuta amepika.

Hakuwepo. Alikuwa ameacha ujumbe kwa mama mwenye nyumba kwamba amekwenda kwa bibi, Maposeni, kusaidia mahindi.

Siku ile na iliyofuata nilifanya kazi. Siku zote nimefanya kazi. Nikisimama tunalala njaa, ndivyo nilivyojifunza nikiwa na miaka kumi na saba, na mwili haujasahau. Lakini mikono ilikuwa inashona na kichwa kinashtuka upya kila baada ya muda, kama mtu anayeungua kisha anasahau kwamba sufuria ni ya moto. Nilikuwa nahesabu. Miaka mitatu. Mara mbili au tatu kwa wiki. Namtajia, anaandika, anabana na pini. Hakuna mtu mwingine duniani niliyemtajia neno lile mara nyingi kama yeye.

Jumatano nilifunga mashine na kwenda Maposeni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya bibi, amekaa kwenye turubai, anapukuchua mahindi kwa mkono. Bibi, mama wa mama yetu, alikuwa karibu yake na ungo mapajani. Nilimwamkia bibi, akaitikia, akaniuliza habari za njia, kisha akainuka taratibu akisema anakwenda kutazama kuku. Hakukuwa na kuku wa kutazama saa ile. Nikakaa kwenye turubai, nikachukua hindi moja.

Nilianza vibaya. Nilianza kwa kujitetea. Nilimwambia anajua sikuwa na maana ya rangi, kwamba tulikuwa tunasema tabia: watu wanaojiona, wasiosalimia. Nilimwambia hata yule mama si Mhindi, na wateja wengine wote tuliowaita hivyo si Wahindi, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa limeshatoka huko lilikotoka. Niliongea muda mrefu. Alinisikiliza, punje zikianguka.

Halafu akasema, "Dada, kama ni tabia tu, mbona mtu akilisikia ananiangalia mimi?"

Akaendelea, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikonitisha. Aliniambia kwamba shule ya msingi walimwita hivyo tangu darasa la pili. Wavulana walikuwa wanamshika nywele wakati wa mstari, ndiyo maana alikuwa anafurahi nikimnyoa upara muhula unapoanza. Mimi nilidhani anapenda usafi, na nilimsifia kwa wenzangu kwamba mtoto wangu huyu hana shida na wembe. Sekondari kuna mwalimu aliyemwita hivyo akimrudishia daftari, darasa zima likisikia, na akiwa mgumu kujibu swali mwalimu anasema amezoea kukaa dukani kwa baba yake. Duka gani, aliniuliza. Tungekuwa na duka angekuwa amekaa na nguo moja ya shule miaka minne?

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mara moja.

"Ningekwambia," alisema. "Nilipomaliza shule nilisema sasa nitakuwa kazini na dada, yameisha. Wiki ya kwanza tu nikakusikia unalisema. Nikaona kumbe hata kwetu ndilo."

Niliweka gunzi chini. Miaka yote nilijua kwamba jambo moja nimelifanya sawasawa katika maisha yangu: sijawahi kumfanya yule mtoto ajione ni wa nje. Nilimkataza shangazi mmoja alipomwita chotara msibani. Nilikataa mchumba, mtu mzuri tu, aliyesema atanioa lakini yule mdogo aende kwa bibi. Hayo yote alikuwa anayajua. Aliyataja mwenyewe pale kwenye turubai, kama mtu anayehakikisha mzani umekaa sawa. Akasema anayajua na hayasahau, na lile nalo analijua.

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza kwa nini hatukuwahi kuwa na jina la Mngoni mwenye dharau. Wateja wetu zaidi ya nusu ni Wangoni, na katika wale wasiosalimia wengi ni wetu hawa hawa. Mhindi aliyewahi kukanyaga kibaraza chetu tangu aanze kazi ni mmoja tu, mzee wa kuzibiwa mifuko ya suruali, na yule mzee anasubiri amesimama mpaka aambiwe akae. Kwa nini ubaya wa Mngoni ukipewa jina unapewa la Mhindi?

Nimelifikiri swali hilo kuliko nilivyowahi kufikiri swali lolote la mtihani. Jibu nililonalo ni baya. Tulikuwa tunaona dharau kwa mtu wa kwetu ni kama nguo ya kuazima, lazima iwe na mwenyewe mahali pengine.

Nilimwambia nitalimaliza neno lile kibarazani, na kwamba nitakwenda kumwambia yule mama amwombe radhi yeye. Alisema kwa yule mama nisiende. Kuhusu kibaraza alisema nifanye ninavyoona, lakini yeye harudi pale. Nikamuuliza kuhusu fremu. Akasema hajui. Akasema ataniambia mahindi yakiisha.

Nilikwenda kwa yule mama hata hivyo. Ukaidi huu wangu umetulisha, na umeniharibia pia. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na hela yake mkononi, nikakaribishwa sebuleni, nikapewa soda. Nilimwomba radhi kwa moyo wangu wote, kwa sababu alistahili: alitukanwa mbele ya wenzake siku ambayo alikuwa amejipanga kupendeza, na aliyemtukana ni mimi. Alinisikiliza kwa utu ambao sikuwahi kuuona kibarazani. Alisema naye anajua ana pupa, mume wake humwambia. Alisema amesamehe. Nusu ya hela akanirudishia, akasema gauni lilikaa vizuri.

Hapo nikapata nguvu, nikamwambia limebaki jambo moja. Nikamweleza kwamba yule binti ni mdogo wangu, tumbo moja, na kwamba maneno aliyomwambia yamemwondoa kazini. Nikamwomba, kama hataona vibaya, amtumie hata salamu za kumwomba radhi.

Alishangaa kweli. Haikuwa kujifanya, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

"Radhi kwa lipi, fundi? Mimi niliitwa nisivyo. Yeye si ndivyo alivyo?"

Nilibaki nimeshika chupa ya soda. Nimewahi kutukanwa na watu waliotaka kunitukana, na nikawajibu au nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu mwema, amekaa kwenye kiti chake, amenipa kinywaji, asiyeona kabisa kwamba amemkanyaga mtu. Kwake neno lile lilikuwa tusi kubwa likimwangukia yeye, na likimwangukia mdogo wangu lilikuwa anwani tu. Nilijaribu kumwambia. Nilisema, mama, kama ni tusi kwako ni tusi kwake. Halina namna mbili. Alisema mimi nina huruma sana kwa sababu ni mlezi. Akanisindikiza mpaka getini.

Njiani kurudi sikuwa nawaza juu yake, nilikuwa nawaza juu yangu. Wiki mbili nyuma ningeulizwa swali lile, ningejibu kama yeye.

Jumatatu niliwaambia wenzangu. Sikutoa hotuba. Nilisema tu kwamba kuanzia leo neno lile, na lile la Kaburu, nisiyasikie kwenye vikaratasi wala midomoni, na anayetaka kumsema mteja aseme alichofanya: hasalimii, ana pupa, anapunja. Kijana wa vipuri alisema kibaraza kimekuwa kanisa. Mama anayeshona mashuka alisema hewala, yeye hakulipenda tangu zamani, jambo ambalo lilinishtua tena, kwa kuwa alikuwa akicheka pamoja nasi. Aliyekataa ni fundi mwenzangu.

Yeye na mimi ni watani. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, na vita ile iliacha utani. Ananiita mateka wake. Namwita mla mbwa. Nikichelewa kufika ananiambia nimetoroka zizini. Hakuna siku tumegombana kwa hayo. Kwa hiyo aliposikia katazo langu alicheka, akasema, "Mateka wangu, utani tu huo. Leo unaona haya utani?"

Kwa hilo nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelishikilia siku kadhaa kama kisingizio. Nilimkumbusha msiba wa mama. Siku ile mwanamke mmoja wa Kihehe, jirani yetu, alivaa khanga ya mama yangu na kutembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa mama, akipanga bei ya vitumbua kama mama alivyopanga. Makaburini aliingia mwenyewe ndani ya shimo, akalala, akasema hatoki mpaka Wangoni wampe chake. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemshika mtoto wa miaka mitano, na nilicheka huku machozi yananitoka, na nikaweza kusimama. Sikuona tusi. Nilijua kwamba siku wao wakifiwa, sisi ndio tutakaovaa nguo za marehemu wao na kuwacheza. Na miaka sita baadaye tulikwenda, tukafanya.

Nikamuuliza: wewe na mdogo wangu, yeye anakuita nani? Akasema hamwiti kitu, anamwita kaka. Nikamuuliza: akifiwa kwa upande wa baba yake, wewe utakwenda kulala kaburini? Akasema hapana, hao hawana utani na mtu huku. Nikamuuliza tena: na wale wateja, tuliwahi kumwita hata mmoja usoni, akapata nafasi ya kutujibu? Tulikuwa tunangoja wageuke. Mtani huambiwa usoni na hurudisha. Tulilokuwa tunafanya sisi lina jina jingine.

Hakucheka tena, lakini hakukubali pia. Alisema mimi nimeumizwa na sasa nataka kila mtu awe mkosaji. Labda. Tangu siku ile tunasalimiana vizuri na tunaazimana mkasi, lakini hajaniita mateka hata mara moja, nami nimeona aibu kumwita mla mbwa. Hilo nalo nimelipoteza, na lilikuwa la thamani, na sijui kama nimelipoteza kwa haki.

Mdogo wangu alirudi Matogoro mwisho wa Julai, mahindi ya bibi yakiwa yameingia ghalani. Aliniambia uamuzi wake tukiwa tunafua. Atakaa nyumbani kwetu, atakata na kushona nyumbani, nami nitamletea vitambaa na kuvirudisha kwa wateja. Fremu tuisahau kwanza. Kibarazani hatakaa. Nikamwambia kwamba neno limekwisha pale. Akasema anajua, amesikia, na anashukuru. Akasuuza shati la mwisho, akalikamua. Akasema kwisha kwa neno ni kwa ajili ya wanaokaa pale. Yeye anapoketi pale bado anaiona midomo ikicheka, na mmojawapo ni wangu.

Kwa hiyo sasa kila asubuhi natoka na mfuko wa nguo zilizokwisha, jioni narudi na vitambaa vipya. Vikaratasi naandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili, majina ya kweli ya watu kama walivyoyataja. Mteja akiniuliza yule binti mwenye mkono mzuri yuko wapi, mwanzoni nilikuwa nasema yuko shamba. Siku hizi nasema ameondoka kwa sababu nilikuwa nasema neno baya juu yake bila kujijua. Wengine huuliza neno gani. Nikiwaambia, baadhi hucheka kabla hawajajizuia, na mimi husubiri wamalize.

Wiki iliyopita alipita kibarazani kwa mara ya kwanza. Zipu za inchi ishirini na mbili zilikuwa zimemwishia na mimi nilikuwa nazo. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja. Kibaraza kikanyamaza mpaka tukasikia mnyororo wa baiskeli ukizungushwa dukani. Fundi mwenzangu aliinuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa mkono, akakisogeza karibu na mdogo wangu, akasema, "Karibu, mdogo wangu, kaa."

Alisema asante, kaka. Alizihesabu zipu akiwa amesimama, akaziangalia meno moja baada ya nyingine kama anavyofanya siku zote, akachagua sita, akatia kwenye mkoba. Kiti kilibaki pale kati yetu. Mimi nilikuwa na maneno tele ya kumwambia akae, hata dakika moja, lakini niliyameza.